Ukame wa majira ya kuchipua kwenye viwanja vya gofu: tumwagilie mizizi, si rangi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu nyote.

Hii ni wiki ya sita bila mvua ya maana katika kiwanja ninachokitunza, na kwa kuwa najua wenzangu wengi mko katika hali hiyo hiyo, nimeona nilete uzi huu tujadili kwa utulivu namna ya kuzivusha nyasi zetu hadi majira ya joto zikiwa bado na mizizi. Nasisitiza mizizi kwa sababu ndilo jambo ninaloliona likisahauliwa kila mwaka wa ukame. Macho ya wachezaji, ya wajumbe wa kamati na hata yetu sisi watunzaji huangalia rangi, na rangi ndiyo hutufanya tufungue maji mahali pasipostahili na kwa saa zisizostahili.

Ukame wa majira ya kuchipua haufanani na ule wa katikati ya joto. Nyasi za nchi baridi, yaani zile za jamii ya Agrostis, Festuca na Poa, ambazo ndizo zimetanda kwenye grini nyingi (zile sehemu za nyasi fupi kabisa zenye kishimo cha mpira) za ukanda wenye majira manne, hukuza mizizi yake vizuri zaidi udongo unapokuwa na nyuzijoto kati ya 10 na 18 hivi. Kipindi hicho ni kifupi. Udongo ukishapita nyuzijoto 25, mizizi ya zamani huanza kufa kwa kasi kuliko mipya inavyoota, na kuanzia hapo mmea huishi kwa kile ulichokwisha kukiweka akiba. Kwa hiyo ukame unaokuja wakati wa kuchipua huinyang'anya nyasi maji ya leo na pia mizizi ambayo ingeitegemea miezi miwili au mitatu baadaye, na hasara hiyo ya pili haionekani kwa macho mpaka siku ya joto kali inapofika.

Kinachotudanganya ni hewa. Asubuhi unavaa koti, usiku kuna dalili ya jalidi, na moyoni unasema nyasi hazina kiu. Lakini jua linakaa angani muda mrefu, upepo mkavu unavuma mchana kutwa, na hewa haina unyevu, kwa hiyo maji yanayopotea kutoka kwenye udongo na majani yanaweza kufika milimita 3 au 4 kwa siku hata kama hakuna aliyetokwa jasho. Wakati huo huo baridi ya usiku inazuia ukuaji, hivyo doa lolote linalokufa halizibiki upesi. Tukumbuke pia kwamba udongo mkavu hautunzi joto la mchana kama udongo wenye unyevu, na ndiyo maana grini iliyokauka hupigwa na jalidi kwa urahisi zaidi. Mwaka 2025 Uingereza ilipata majira ya kuchipua yenye joto na jua kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa nchini humo, na kwa England peke yake yalikuwa makavu kuliko yoyote katika miaka zaidi ya 100. Ukame wa namna hii si jambo la kuhesabu kuwa litatokea mara moja katika maisha ya kazi yako.

Naomba sasa nieleze kosa nililolifanya mwenyewe miaka kadhaa iliyopita, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Ukame ulipoanza, niliwasha vinyunyizio vyote kila usiku, kidogo kidogo, dakika chache kwa kila kichwa cha kinyunyizio, kuanzia grini hadi njia za kuchezea, yaani nyasi ndefu za uwanda unaoelekea kwenye grini. Kiwanja kilikuwa kijani na kila mtu aliridhika. Mwanzoni mwa majira ya joto, nilipokuwa nahamisha vishimo kama kawaida, nilichukua udongo uliotoka kwenye kikatio na kuupasua kwa kisu katikati. Mizizi meupe ilishuka sentimita 4, ikaishia pale kana kwamba imekatwa kwa rula, na chini yake mchanga ulikuwa mtupu na mkavu kabisa. Wiki mbili baadaye joto lilipopanda, grini tatu zilichomeka kingo kwa siku moja ya mchana, nami nikiwa nimesimama na mpira wa maji mkononi nisijue nianzie wapi. Maji nilikuwa nimetumia mengi. Sikuwa nimeyapeleka mahali mizizi ilipohitaji kwenda.

Tangu hapo, jambo la kwanza ninalofanya ukame ukianza ni hesabu, na hesabu yenyewe ni nyepesi. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na juu ya hekta moja ni lita 10,000. Grini zote za kiwanja cha mashimo 18, ukijumlisha, mara nyingi hazizidi sana hekta moja, ilhali njia za kuchezea zinaweza kufika hekta 12. Ukimwaga milimita 4 kwenye grini zote unatumia lita 40,000, na ukimwaga kiasi hicho hicho kwenye njia za kuchezea unatumia lita 480,000. Usiku mmoja wa njia za kuchezea ni sawa na usiku 12 wa grini. Mtu akiiona hesabu hiyo imeandikwa karatasini, huku bwawa likiwa limeshuka na majira ya joto hayajaanza, huhitaji maneno mengi kumweleza kwa nini grini zinatangulia, zikifuatwa na sehemu za kuanzia mchezo na mikaribio ya grini, na nyasi ndefu za pembeni zinaachiwa mvua.

Jambo la pili ni kujua maji yanatua wapi kweli. Chukua vikopo vya ukubwa mmoja, vipange kwenye grini kwa umbali sawa, washa vinyunyizio dakika 20, kisha pima kilichomo katika kila kimoja. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, vikopo vya upande wa nyuma wa grini moja vilikuwa na nusu ya maji yaliyokuwa mbele. Kichwa kimoja kilikuwa kimelala upande kwa sababu gari lilikipitia, na kingine kilikuwa na nozeli iliyolika. Kwa miaka nilikuwa nazidisha dakika ili kuokoa upande mkavu, na hivyo kuuzamisha upande wenye maji. Kusimamisha kichwa kimoja wima ni kazi ya robo saa kwa koleo na kipima usawa, na hiyo robo saa iliniokolea maji mengi kuliko mpango wowote niliowahi kuupeleka kwenye kamati.

Jambo la tatu, ambalo naomba mnivumilie nikae nalo kidogo, ni madoa makavu. Wengi wetu huyaita "sehemu zisizoshika maji" na kuishia kuyamwagia zaidi. Jaribu hivi: chomoa kipande chembamba cha udongo kutoka kwenye doa, kirefu kama shubiri, kikaushe kivulini, kilaze juu ya ubao, kisha dondosha matone ya maji juu yake, tone moja kila sentimita, kuanzia kwenye majani hadi chini. Nilipofanya hivyo kwenye grini yangu ya saba, matone matatu ya juu yalikaa yakiwa duara, yaking'aa kama maji juu ya jani la myugwa, nami nikayatazama dakika nzima na zaidi bila kuzama. Tone la sita lilimezwa papo hapo. Yaani tatizo lilikuwa katika sentimita tatu hivi za juu, na chini yake udongo ulikuwa tayari kupokea. Tone likikaa zaidi ya sekunde 5, mchanga huo umeanza kuyakataa maji, na likikaa zaidi ya dakika moja, unayakataa kwelikweli.

Chanzo chake ni utando wa mafuta kama nta unaozifunika chembe za mchanga, unaotokana na mabaki ya mimea yanayooza na kazi ya kuvu. Mchanga ukiwa na unyevu wa kutosha, utando huo hausumbui. Ukishakauka kupita kiwango fulani, unageuka na kusukuma maji nje, na kila unachomwaga hutafuta njia ya kuteremka pembeni. Ndiyo sababu unaweza kuona kwenye grini moja jangwa na tope vikiwa vimeachana kwa hatua moja. Dawa ya kulowesha udongo husaidia sana, lakini inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia ukame kuliko ikiufuata. Ukichelewa, toboa kwanza doa kwa uma wenye meno membamba, nyunyiza dawa, kisha mwagilia kwa mkono polepole, usitishe, urudie, mpaka ukichomoa kipande kingine uone unyevu umeshuka.

Kuhusu kipima unyevu: ni chombo kizuri, ila kisigeuke kuwa msahafu. Mtu akikuambia kwamba grini yake inakaa asilimia 18, namba hiyo ni ya mchanga wake, mabaki ya mimea yaliyomo na urefu wa sindano za kipima chake. Ninachopendekeza ni kutafuta namba yako mwenyewe. Subiri mchana sehemu moja ianze kubadilika na kuwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na alama za viatu zibaki bila kuinuka. Pima hapo hapo. Kwenye grini zangu za mchanga nilipata asilimia 9, na tangu siku hiyo ninajua kwamba sehemu yoyote inayosoma 11 saa nne asubuhi itahitaji mpira wa maji kabla ya saa nane mchana, na sehemu inayosoma 16 haiguswi hata kama jirani yake ana kiu. Kumwagilia kwa mkono kunachosha na kunahitaji watu makini, lakini hakuna mtambo unaoweza kutofautisha madoa mawili yaliyo mita moja kutoka kwa jingine.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Maji ya vinyunyizio yatoke kabla ya alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Urefu wa kukata grini uongezwe kwa nusu milimita, visu vinolewe, na siku nyingine roli ya kusawazishia nyasi ipite badala ya mashine ya kukatia, ila kamwe roli isipite juu ya nyasi iliyokwisha kunyauka. Mbolea ya chembe inayokaa juu bila kuyeyuka haina faida, na nitrojeni nyingi huita majani wakati tunataka mizizi, kwa hiyo tutumie kiasi kidogo cha mbolea ya kunyunyizia majani, nusu gramu ya nitrojeni kwa mita ya mraba au pungufu. Zile kazi kubwa za kutoboa na kutoa udongo ambazo kalenda imezipanga kwa majira haya ziahirishwe, kwa kuwa kila tundu lililo wazi ni dirisha la kukaushia mizizi. Tumia meno membamba yasiyotoa udongo. Mbegu za kujazia nazo zisubiri, maana mbegu iliyokwisha kuota ikikauka siku moja tu haina nafasi ya pili. Vilevile angalieni dawa za kuzuia magugu kuota, kwani baadhi yake hudumaza mizizi ya nyasi zenyewe, na mwaka wa ukame si mwaka wa kuongeza mzigo huo.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji wa kwanza

Asante sana, mleta mada, kwa andiko lililojaa. Kiwanja chetu hakina mchanga, ni udongo wa mfinyanzi, na njia za kuchezea zimeanza kupasuka mipasuko unayoweza kuingiza kidole. Bwawa lina maji ya grini tu. Je, tuziache njia zikauke kabisa, au tunaua nyasi? Baadhi ya wanachama wanasema zimeshakufa.

Mleta mada

Ndugu yangu, kabla ya kukubali kwamba zimekufa, piga goti na ung'oe mche mmoja. Tenga majani makavu na utazame kitako cha shina, pale mizizi inapokutana na majani. Kikiwa cheupe na kigumu ukikibana kwa ukucha, mmea uko hai na umelala tu. Kikiwa cha kahawia na kinavunjika kama kijiti kikavu, huo umekwisha. Nyasi za Festuca na Poa pratensis hulala na kuamka vizuri. Poa annua, yenye mizizi mifupi, haina ustahimilivu huo, na sehemu zilizojaa aina hiyo ndizo utakazozipoteza.

Nyasi iliyolala haihitaji maji ya kuirudishia kijani. Inahitaji kiasi cha kukinga kitako kisikauke, na milimita 12 hivi kila wiki mbili hadi nne zinatosha kwa kazi hiyo. Kwenye mfinyanzi usizimwage kwa mkupuo mmoja. Gawa mara tatu, ukiacha nusu saa au zaidi kati ya awamu, la sivyo maji yatateleza juu na kuishia mtaroni au yatashuka moja kwa moja kwenye mipasuko bila kulowesha kitu.

Kinachoua zaidi nyasi zilizolala ni magurudumu. Jani kavu lililokanyagwa halina maji ya kuliinua tena, na kitako chake hupondeka. Zuieni vigari vya wachezaji visiingie njiani hata kabla hamjapunguza maji, na kamba za kuongozea watu zihamishwe kila siku chache.

Kwa wanaosikitikia rangi, ningewakumbusha mashindano ya gofu ya The Open ya mwaka 2006 kwenye kiwanja cha Royal Liverpool, Uingereza. Njia zote zilikuwa zimekauka na kuwa rangi ya mchanga, mpira ulikuwa ukitua na kuendelea kukimbia, na Tiger Woods alishinda huku akiitumia fimbo yake ndefu zaidi mara moja tu katika siku zote nne. Nyasi zile zilikuwa hai, na ardhi ngumu ile ndiyo iliyoufanya mchezo uwe wa akili.

Tahadhari moja kwa wenye ukoka badala ya nyasi za nchi baridi. Ukoka unastahimili ukame kuliko nyingi, lakini wakati wa kuchipua unakuwa ndio kwanza unaamka, umetumia akiba yake ya chakula kutoa majani mapya, na mizizi mipya bado haijashuka. Katika wiki hizo chache usiuamini sana ustahimilivu wake. Upe maji mpaka ujifunike kijani, kisha ndipo uanze kuubania maji.

Mchangiaji wa pili

Sisi tunatumia maji taka yaliyosafishwa. Kiasi kinatosha, kwa hiyo hatulalamikii ukame wenyewe. Shida ni kwamba ncha za majani zimeanza kuungua kwenye grini, na tukiongeza maji kidogo kila siku hali inazidi. Tumeangalia ugonjwa, hatuoni.

Mleta mada

Bila kuona siwezi kuapa, lakini maelezo yako yanaelekeza kwenye chumvi. Maji ya aina hiyo yana chumvi zaidi kuliko ya mvua, na katika mwaka wa kawaida mvua ndiyo inayoziosha kwenda chini. Mvua ikikosekana, unaleta chumvi kila usiku, jua linachukua maji, chumvi inabaki juu pale pale penye mizizi. Maji kidogo ya kila siku ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuzikusanya.

Pima uwezo wa maji kupitisha umeme, na upime udongo pia, siyo maji peke yake. Kwa makadirio ya kawaida, desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha upitishaji huo wa umeme) ni kama miligramu 640 za chumvi kwa lita. Fanya hesabu: ukimwaga milimita 4 za maji hayo kwenye mita moja ya mraba, umeacha hapo zaidi ya gramu mbili na nusu za chumvi. Zidisha kwa siku 30 uone.

Tiba yake ni kuosha. Chagua usiku mmoja, mwaga maji mengi kwa awamu hadi yapite chini ya mizizi na kutoka kwenye mabomba ya kutolea maji ya grini, kisha acha grini ikauke kabla ya kurudi kwenye ratiba. Inaonekana kama kufuja wakati wa ukame, lakini usiku mmoja wa kuosha vizuri unashinda usiku kumi wa kuongeza kidogo kidogo. Kama vipimo vitaonyesha sodiamu nyingi, ongezeni jasi kabla ya kuosha, kwa kuwa kalisi iliyomo huiondoa sodiamu kwenye chembe za udongo. Na grini isiyopitisha maji chini haiwezi kuoshwa, kwa hiyo toboeni kwanza kwa meno membamba.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, nakubaliana na mengi, ila napingana nawe katika hili la kulaani maji kidogo ya kila siku. Kwenye grini za mchanga, ukimwaga mengi kwa siku moja yanapita chini ya mizizi na yanapotea. Sisi tunarudishia kila siku kile kilichopotea jana, si zaidi, na grini zetu hazina tatizo. Nadhani ushauri wa "mengi kwa nadra" umetoka kwenye udongo mzito na unahamishiwa kwenye mchanga pasipo kufikiri.

Mleta mada

Mkuu, hoja yako ni ya haki na nakushukuru kwa kuileta, kwani niliandika kana kwamba kanuni ni moja. Tuiweke kwa hesabu. Tuseme mchanga wako unashika asilimia 20 ukiwa umejaa na nyasi inanyauka kwenye asilimia 10. Mizizi ikiwa imeshuka sentimita 10, kuna milimita 10 za maji ambazo mmea unaweza kuzifikia. Kwa siku inayokausha milimita 4, una siku mbili na nusu. Mizizi ikiwa ya sentimita 4, una milimita 4 tu, yaani siku moja, na upepo ukizidi jioni umeshachelewa.

Kwa hiyo mwenye mizizi mifupi analazimika kumwagilia kila siku, na kumwaga zaidi ya milimita 4 kwa mara moja ni kupoteza, kama ulivyosema. Hapo tunakubaliana kabisa. Tunapotofautiana ni kwamba akiendelea hivyo majira yote ya kuchipua, hatapata mizizi mirefu, kwa sababu unyevu na hewa ya kutosha havijawahi kukutana chini ya pale mizizi ilipo. Ninachofanya mimi ni kurudishia kila siku palipo dhaifu, kwa mkono, na pale penye mizizi ya sentimita 8 au zaidi naruka siku, kisha siku inayofuata najaza kina chote cha mizizi na kidogo chini yake.

Grini nyingi zilizojengwa kwa kufuata mwongozo wa chama cha gofu cha Marekani, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1960, zina sentimita 30 za mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye mchanga mwembamba kwenda kwenye kokoto, kwa hiyo hubaki yakining'inia chini ya mchanga. Ipo akiba kule. Mizizi ya sentimita 4 haitaigusa kamwe, na hii ndiyo sababu inayonifanya nisiridhike na grini ambayo "haina tatizo" kabla ya joto kuanza. Ningekuomba uchomoe vipande vitano kesho, upime mizizi, kisha utuletee namba hapa.

Mchangiaji wa tatu

Nimechomoa. Mitatu ina sentimita 9, mmoja 7, na wa tano, ule wa kwenye mwinuko wa grini ya kumi na mbili, una 3. Hapo nimekuelewa.

Mleta mada

Namba zako ni nzuri kuliko zangu. Huo mwinuko uupe mtu mmoja mwenye mpira wa maji, na grini iliyobaki uiache iruke siku moja uone kipima unyevu kitasema nini.

Mleta mada (mrejesho, baada ya siku tisa)

Wanajamvi, usiku wa kuamkia jana tumepata mvua ya milimita 11, ya kwanza kwa zaidi ya wiki saba. Wachezaji waliamka wakidhani mambo yamekwisha, na mjumbe mmoja alipiga simu asubuhi kuuliza kama sasa tunaweza kutia mbolea ili rangi irudi upesi. Nilimwomba anipe siku chache.

Nilizunguka na kichomoleo cha udongo kabla watu hawajaanza kucheza. Njia za kuchezea zimelowa sentimita 5 hadi 6, na kwenye vitako vya nyasi zilizolala nimeona vichipukizi vyeupe vya urefu wa punje ya mchele. Hizo nitaziachia zijiamshe zenyewe. Nikitia nitrojeni sasa, zitatupa majani mengi kwa mizizi michache, na mvua ya pili ikichelewa zitaishiwa nguvu.

Grini ya saba ndiyo iliyonishughulisha. Juu ilikuwa imelowa na kung'aa, mtu yeyote angesema imepona. Nilipochomoa kwenye lile doa, unyevu ulikuwa umeshuka sentimita 2, na kuanzia hapo hadi chini mchanga ulitoka ukiwa vumbi, ukamwagika kati ya vidole vyangu. Hatua mbili kutoka hapo, kipande kingine kilikuwa kimelowa chote. Mvua yote ya doa lile ilikuwa imeteremka kwenda kwa jirani.

Leo mchana tumetoboa doa hilo kwa uma, tumenyunyiza dawa ya kulowesha, na tumemwagilia mara tatu kwa kuachia nafasi. Kipimo cha jioni kimesoma asilimia 13 kwenye kina cha sentimita 7, ambako asubuhi kilisoma 6. Kesho alfajiri tutarudia upande wa kushoto wa grini, na kwa kuwa utabiri unaonyesha mawingu keshokutwa, nataka matundu hayo yawe wazi kabla mawingu hayajafika.